Herufi Zenye Tumbo Tupu

Baba aliponiambia nijaze rangi katika herufi za yaya Albert, kaka yangu mkubwa, ilinipasa kukataa. Nilikuwa na miaka kumi na miwili. Angenichapa, na maumivu ya fimbo huisha. Nilikubali.

Enzi zetu pale Kasongo, wa rika langu watakumbuka, maandishi mazuri yalitoka mkononi mwa mtu. Jina la mwenye duka, jina kwenye baiskeli, hata diploma ya shule, vyote vilichorwa. Tulikula wali na mafuta ya mawese, tukafutia mikono kwenye kaptula, tukakimbilia barazani kumtazama yaya akifanya kazi. Alipiga mstari kwa uzi uliopakwa makaa, akazuia pumzi, kisha kwa burashi ya manyoya ya mbuzi akachora kingo tu za herufi. Kingo zilikuwa nyembamba kama uzi wa buibui, katikati ukibaki weupe wa ubao, na kwenye ncha jani dogo lililojikunja. Tulikatazwa kucheka, maana kicheko kilitikisa meza. Vijana wa leo hawawezi kunyamaza hivyo hata kanisani.

Mwaka ule shule ya misheni ilitafuta mchoraji wa diploma. Prefe, yaani mkuu wa shule, alimwambia yaya achore jina la shule kwenye ubao. Ukimpendeza, kazi ni yake. Yaya alichora siku tatu, akauacha ukauke, akaenda Wamaza kwenye msiba wa shangazi yetu.

Baba akauzunguka ubao kama mtu anayekagua mbuzi wa kununua.

"Hii kazi haijaisha," akasema. "Herufi ziko na tumbo tupu. Watu watasema niko na mutoto muvivu. Wewe, jaza."

Nilijua kazi imekwisha. Yaya mwenyewe alinifundisha kwamba uzuri wa herufi zile ni ule uwazi. Lakini hakuwahi kuniruhusu kushika burashi yake, nami niliitamani. Nikanyamaza, nikajaza herufi zote kwa rangi nyeusi. Baba akanisifu.

Prefe alikuja kabla yaya hajarudi. Akautazama ubao.

"Papa, hii iko maandishi ya depo ya pombe, haiko ya diploma," akamwambia baba. Kazi akampa mtu mwingine.

Yaya aliporudi hakumuuliza baba kitu. Aliniuliza mimi.

"Ulijua?"

"Nilijua, yaya."

"Basi mudogo yangu, ulijaza vizuri. Haukutoka nje ya mustari."

Juma lililofuata akaenda Lusangi kuchimba dhahabu.

Siku hizi mjukuu wangu ana herufi kama zile ndani ya simu. Majuzi alinionyesha mwaliko wa harusi yake: kingo nyembamba, uwazi katikati, majani yaliyojikunja. "Babu, hizi ni za kizamani, ziko na heshima," akasema. "Ama nibonyeze zingine?" Alikuwa amezipata kabla chai haijapoa. Ni nzuri, sikatai. Zamani zilihitaji siku tatu na mtu mmoja.

Mtu huyo alikaa Lusangi mpaka alipokufa, na hakuchora tena. Alipopita Kasongo alilala kwa watu wengine. Tukikutana sokoni alinisalimia kwa adabu, kama mgeni. Kwa kukubali kule nilimpoteza kaka yangu miaka thelathini kabla hatujamzika.