Mkono wa Kiprono Umechuma Chai Hospitalini

Leo mkono wa kijana wangu umefanya kazi bila yeye.

Msicheke. Someni kwanza.

Kiprono alikuwa mwanajeshi. Kifundo cha mkono wa kushoto kilivunjikia huko kazini, na tangu hapo vidole havifungi. Leo nilimpeleka hospitali apimwe, ndio jeshi limlipe pesa ya ulemavu.

Tukaambiwa tungoje kwenye benchi. Akalala, mdomo wazi kama mtoto.

Halafu huo mkono ukaanza kuchuma chai.

Vidole vinakata majani mawili na chipukizi, kiganja kikijaa vinatupa nyuma ya bega, kama kuna kikapu. Haraka, hata mimi siwezi.

Na Kiprono hajawahi kuchuma chai maisha yake yote.

Daktari akatokea mlangoni, akaona.

"Gogo," ndivyo huku tunavyoitwa sisi manyanya, "kumbe mkono ni mzima? Mnanichezea?"

Nikamwambia, "Nyamaza, wewe mtoto. Huyo anayechuma ni marehemu mkewe. Alikuwa anachuma kwa mkono wa kushoto, na kila akitupa anapangusa kidole gumba kwa nguo. Angalia."

Kidole gumba kikapangusa shati.

Daktari amelelewa huku kwenye chai. Hakubisha. Akamwamsha, akamdunga sindano kwa kiganja aone kama anasikia. Kiprono hakusikia kitu. Daktari akaandika kwamba mkono umekufa.

Sasa tuko nyumbani. Pesa atapata. Lakini vidole vyake vina utomvu wa chai, na bado ni mbichi.

Nyinyi wajuaji wa mtandao, niambieni: nimwoshe ama nimwache?