Hindi Nililokula Barabarani

Mimi shule niliiacha darasa la tatu. Sioni haya kusema, maana wengi waliomaliza huniletea suruali zao niwapunguzie. Nina cherehani nne hapa Nyamirambo, nyumba ni yangu, na hakuna aliyenipa hata tofali moja. Haya ninayosimulia nayaandika kama ninavyoongea. Asiyependa aache.

Mjukuu wangu alikuja kukaa nami kutoka Tabora, ambako binti yangu ameolewa. Binti alitaka mtoto asome Kigali, ajue lugha ya kwao kabla hajawa mtu mzima. Msichana alikuwa na miaka kumi na tano, mrefu hadi anainama mlangoni mwa duka langu, Kiswahili chake kimenyooka, Kinyarwanda chake cha kuokoteza. Kila mtu mzima aliyepita alimpa shikamoo. Watu wa hapa hawajui waitikie nini. Fundi wangu mmoja alimjibu asante.

Wiki ya kwanza ya shule alifanya kosa. Wakati wa kurudi nyumbani alipita mtaa wa Gitega, ambapo kuna mama anachoma mahindi mlangoni kwake, akanunua moja. Kwetu hindi la kuchoma hufungwa kwenye karatasi, ukalipeleka nyumbani, ukakaa chini, ukala. Mtu mwenye adabu hatafuni njiani, na msichana mkubwa ndiyo kabisa. Yeye akaanza kulitafuna palepale, akaja nalo njia nzima mpaka Nyamirambo, huku akiwaamkia watu mdomo umejaa. Kumbe wenzake wa darasani walikuwa nyuma yake, kundi zima. Kesho yake asubuhi alikuta ameshapewa jina: Kigori, yaani hindi kwa Kinyarwanda.

Aliponieleza sikumbembeleza. Nilimwambia amenitia aibu, kwamba tangu nifike mji huu nikiwa msichana kama yeye, hakuna aliyewahi kuniona nikitafuna barabarani, hata karanga. Alinisikiliza mpaka mwisho. Kisha akasema Tabora watu wanakula njiani kila siku na hajasikia aliyekufa. Jioni hiyo akampigia simu mama yake, wakapatana: amalize muhula, mama yake aje kumchukua. Kama mpaka hapo hajapata rafiki hata mmoja, ndiyo basi, Kigali harudi.

Nilikuwa napiga pasi nikisikia yote hayo, na nusura niunguze koti la watu. Nilikuwa nimeshamzoea. Alikuwa anaimba akifagia nyuzi. Tena alikuwa ananibishia, na tangu mume wangu afariki sikuwa na mtu wa kunibishia. Mafundi wangu wote wananiogopa.

Basi katikati ya muhula akaja dukani kijana mmoja wa mtaa wetu, yule anayetengeneza vichekesho vya kutazama kwenye simu. Safari hii, alisema, anataka filamu kamili ya saa nzima: msichana mgeni anaingia shule mpya, kila anachofanya kinakwenda mrama, watu wanamcheka, mwisho wanamzoea. Alitaka nimshonee huyo msichana sketi ya shule. Akanieleza vizuri kabisa: iwe pana, iangukie upande mmoja, marinda yasilingane, mtu akiiona tu acheke.

Nilimwambia nimeelewa, na kweli nilielewa. Lakini mkono wangu haukuelewa. Nilipokata kitambaa nikajikuta nanyoosha. Nilipofika kwenye marinda nikasema hili la kwanza tu nilipange sawa, mengine nitayaharibu. Likafuata la pili. Nikajaribu kupindisha upindo, nikafikiria mtu atauliza umeshonwa na nani, nikaufumua. Siku ya tatu sketi ilikuwa tayari, ungeweza kumvalisha binti wa waziri.

Walikuja kuichukua Jumamosi ya umuganda, ile kazi ya pamoja ya usafi, watu wakiwa wametoka kufagia mitaro na barabara bado imetulia. Kijana alikuja na mchezaji wake mkuu. Alikuwa msichana wa darasa moja na mjukuu wangu, na si msichana tu: ndiye aliyemwita Kigori mara ya kwanza. Akaingia nyuma ya pazia, akavaa, akatoka. Yule kijana akashika kichwa.

"Mama, sasa huyu ni mgeni au ni bibi harusi?"

Nikamjibu kwamba kazi mbaya mimi sijui, akatafute fundi mwingine. Akasema kamera ni ya kuazima na kesho inarudi kwa mwenyewe. Tukatazamana.

Mjukuu wangu alikuwa ameketi nyuma na daftari lake, hajainua kichwa tangu yule msichana aingie. Akainuka, akachukua wembe wa kufumulia.

"Bibi, geuka utazame ukutani."

Akafumua kiuno, akageuza marinda matatu yakaelekea nyuma, akaushona upindo unapanda na kushuka kama njia ya mbuzi. Hakuchukua muda. Mwenzake akavaa tena, akajitazama kwenye kioo, akacheka mpaka akakaa chini kwenye vipande vya vitambaa. Mjukuu wangu naye akacheka. Yule msichana akamuuliza nani amemfundisha kushona ovyo namna hiyo. Akanionyesha mimi kwa kidole. Nikamwacha, kwa sababu ile sketi kwa kweli ilikuwa inachekesha.

Nikadhani mambo yamekwisha. Wakatoka nje kurekodi, na hapo ndipo kijana akasema tukio lenyewe: mgeni anatoka shule, anapanda barabara yote anatafuna hindi, watu wanamshangaa. Wasichana wa darasani walikuwa wamemsimulia, naye akaona ni kichekesho kizuri. Hakujua ni cha nani. Nilimwona mjukuu wangu uso ukimshuka. Angeweza kurudi ndani. Alibaki barazani, amefunga mikono.

Yule mchezaji akapewa hindi. Akaenda mwanzo wa barabara, akaja anatembea, akalipeleka mdomoni, akalishusha. Wakarudia. Akalishusha tena. Pikipiki za abiria zikasimama, wenye maduka wakatoka milangoni. Mara ya tatu hata mdomo hakuufungua.

"Siwezi," akasema. "Shangazi yangu iko pale anaangalia."

Kijana akamwambia ni mchezo tu. Msichana akamwambia basi ale yeye. Kijana akaanza kukagua kamera yake kama vile imeharibika.

Mjukuu wangu akashuka barazani. Akachukua hindi la pili kwenye mfuko wa karatasi, walinunua matatu kwa ajili ya kurudia, akasimama kando ya mwenzake.

"Usiwatazame watu," akamwambia. "Tazama hindi."

Akang'ata, akaanza kutembea. Mwenzake hakumfuata. Basi akawa peke yake katikati ya barabara, anatafuna, na mwendesha pikipiki mmoja akaita Kigori, wa pili akaitikia. Jina lilikuwa limefika mpaka kwao. Hakugeuka nyuma, ila niliona kwamba amesikia.

Mimi si mtu wa kufikiri sana. Nikavua miwani, nikateremka, nikalichukua lile la tatu, nikaling'ata katikati ya barabara. Mke wa shehe, ambaye namshonea kila Idi, alikuwa amesimama dukani kwangu na kitambaa mkononi. Hindi lilikuwa limepoa, gumu kama vifungo, na linaniingia kwenye mapengo. Mwendesha pikipiki mmoja akapiga honi.

"Hujawahi kuona meno?" nikamuuliza. "Pita."

Hapo yule msichana mwingine akaangua kicheko, na akiwa anacheka akang'ata. Tukapanda barabara watatu, mmoja na sketi ya njia ya mbuzi, mmoja mrefu kama mlango, na mimi. Kamera ilikuwa inachukua muda wote. Mjukuu wangu akaniinamia, akaniambia ninatafuna kama ng'ombe mgonjwa. Nikamwambia anyamaze, ninaigiza.

Filamu ilionyeshwa mwisho wa muhula, mchana, katika ukumbi wa harusi wa mtaa wetu, kwenye shuka jeupe. Binti yangu alikuwa amewasili asubuhi ileile kutoka Tabora na begi kubwa tupu la kubebea nguo za mtoto. Tuliketi pamoja. Lile tukio lilipofika, watu walipiga makofi mpaka sauti haikusikika. Binti yangu alinigeukia polepole.

"Mama, mimi ulinichapa kwa sababu ya kipande cha muwa."

Nikamweleza kwamba muwa ni jambo jingine, unachafua barabara. Hajakubali mpaka leo.

Asubuhi iliyofuata alikunja nguo zote za mwanawe, akazipanga begini, akafunga zipu. Mwenye nguo hakuwapo. Alikuwa ametoka mapema na yule msichana na wenzake wawili, wamekwenda Muhima kutafuta vitambaa, kwani kijana anataka kutengeneza filamu nyingine na kazi ya mavazi wamepewa wao. Binti yangu akakaa kwenye begi kumsubiri. Mimi nikashona. Kola ile ile niliifumua mara mbili.

Alirudi saa saba, vumbi tupu, mikono imejaa vifurushi. Akamwamkia mama yake, akaona begi, akamwomba anyanyuke kidogo. Akafungua zipu, akazitoa nguo mkupuo mmoja, akazirudisha kabatini kwangu bila kuuliza yeyote kati yetu. Kisha akaja mbele ya duka, akaniambia nihame kwenye cherehani ya dirishani, yeye anahitaji mwanga.

Nikahama.