Nilimpigia Makofi Binti Yangu Akinianika

Admin, jina langu lifiche, na la mtoto nimelibadilisha mwenyewe, maana wateja wangu wengi wako kwenye ukurasa huu na midomo yao naijua.

Nina miaka thelathini na sita. Naishi Magomeni na mume wangu na binti yetu mmoja, nitamwita Nasra, ana miaka kumi, yuko darasa la nne. Nina duka la vitenge na khanga Kariakoo. Shule niliishia la saba. Kiswahili nasoma vizuri, hesabu huniambii kitu, ila Kiingereza sikijui hata cha kuombea maji, ndiyo maana niliapa mwanangu hasomi kayumba, hizi shule za serikali. Nikampeleka shule ya Kiingereza.

Shuleni kwao kila homuweki lazima mzazi aikague na aweke sahihi, la sivyo mtoto anasimamishwa mbele ya wenzake. Gari la shule humshusha dukani saa kumi, anafungua daftari juu ya majora ya vitenge, nami nakagua. Yaani najifanya nakagua. Nakunja uso, napitisha kidole kwenye mistari, kisha naweka alama ya vema na sahihi yangu. Baba yake ni karani, Kiingereza anakijua, lakini akirudi kazini anataka chai na taarifa ya habari. Mimi nilijidanganya kwamba Nasra haelewi kinachoendelea.

Mwezi uliopita tukaitwa kikao cha wazazi. Mwalimu akasema kuna mwanafunzi ameandika insha nzuri kuliko wote, inamhusu mama yake, akamwita Nasra mbele. Jamani, nilijisikia mtu. Nikatoa simu nikaanza kumrekodi. Kiingereza kilikuwa kinamtoka tu. Wazazi wakacheka, nami nikacheka. Wakacheka tena, nikacheka kuwazidi. Alipomaliza nilikuwa wa kwanza kupiga makofi. Mama mmoja wa mbele aligeuka akaniangalia sana, nikajua ni kijicho tu.

Sijatoka hata getini nikaiweka ile video status, nikaandika, "Uchungu wa mwana aujuaye mzazi." Muda si mrefu wifi yangu, dada wa mume wangu, akanipigia.

"Wifi, hiyo video umeiweka mwenyewe au umeibiwa simu?"

"Nimeiweka mwenyewe. Hujamsikia mtoto anavyoongea?"

"Nimemsikia. Wewe umemsikia?"

Akanitafsiria huku anacheka. "Mama yangu hajui Kiingereza lakini kila siku anasahihisha daftari langu. Nikipata anaweka vema. Nikikosa anaweka vema. Siku moja niliandika kwamba mama ni mbuzi, akaweka vema na sahihi. Baba anasema mama ni muhuri."

Nilifuta ile video, lakini watu walishaiona. Nikaenda nyumbani nikamwambia Nasra anionyeshe huo ukurasa wa mbuzi. Ulikuwepo, na vema yangu kubwa chini yake. Mume wangu naye akacheka. "Mama Nasra, huo si utani wa mtoto tu? Mbona unakuza mambo?" Ule uchungu siwezi kuuandika. Niliona nyumba nzima imenikalia kikao miaka yote nikiwa jikoni nawapikia.

Kesho yake Nasra hakwenda shule. Nilimkalisha dukani kwenye kigoda, na ile insha mkononi. Mteja akiingia namwambia, "Msomee dada, kisha mtafsirie." Anasoma. Akifika kwenye mbuzi anashusha sauti, namwambia apandishe. Wengine walicheka, wengine waliweka kitenge chini wakaondoka. Jirani yangu wa duka la pili, mama wa Kichaga mtu mzima, alinivuta pembeni. "Mwanangu, mtoto haaibishwi hadharani."

"Shikamoo mama," nikamwambia. "Na mimi niliaibishiwa chumbani?"

Kuna kitu wifi hakunitafsiria, nilikisikia kwa Nasra mwenyewe siku ile ya kwanza dukani. Insha inaisha hivi: "Nampenda mama yangu kwa sababu hajawahi kuniambia nimekosea." Nilimwambia hiyo sentensi aiache, wateja haiwahusu. Tangu siku hiyo anaishia kwenye muhuri.

Hii ni wiki ya pili. Mtihani wa darasa la nne uko mlangoni, mwalimu anapiga simu sipokei. Mume wangu amenipa mpaka Jumatatu. Mtoto asiporudi shule siku hiyo, anamchukua akaishi kwa wifi, huyo huyo wifi, na mimi nibaki na vitenge vyangu.

Jana akaja mteja, mama mzee kidogo, alisahau miwani. Akachagua khanga akampa Nasra, akamwambia, "Mjukuu wangu, hebu nisomee jina la khanga hii." Kiswahili kitupu, maneno manne. Nasra aliiangalia ile khanga, akaniangalia mimi. Akasema, "Bibi, sijui kusoma."

Yule mama akanigeukia kwa mshangao. "Mkubwa hivi, hajaanza shule?"

Nikajibu, "Hajaanza."

Nasra hakulia. Alikunja ile khanga vizuri, akairudisha kwenye rafu, akakaa kwenye kigoda chake. Na mimi, Mungu anisamehe, kwa dakika nzima nilifurahi. Halafu nikaogopa, na mpaka sasa naogopa, kwa sababu tangu jana nimempa daftari mara tatu na kila mara ananirudishia bila kulifungua.

Ndugu zangu, kumrudisha shule natamani, lakini hasira haijanitoka, nikimwona tu nasikia vile vicheko. Nikimwachia wifi, nimempoteza. Nikibaki naye nikiwa hivi, nammaliza. Mwenye kunitukana anitukane kwanza, kisha anijibu: Jumatatu ni keshokutwa, nifanye nini?