Fundi aliyeanza jiwe la Komeo kwa mstari wa mwisho

Saa moja kasoro robo asubuhi, fundi wa mawe amejilaza kifudifudi juu ya kaburi la mtu asiyemfahamu. Kaburi lenyewe bado halijafika makaburini. Ni bamba la jiwe jeusi lililolazwa juu ya meza mbili karakanani, na fundi ameliinamia hadi ncha ya pua inaligusa, akipuliza vumbi kutoka kwenye tumbo la herufi B.

"B ndiyo inayokula muda," anasema bila kuinua kichwa. "Ina matumbo mawili. Ukilikosea moja, marehemu anaonekana kaandikwa na mlevi."

Mtaani wanamwita Mkato, kwa kuwa hajawahi kumwacha mtu amalize sentensi yake. Ana miaka hamsini na minane, na thelathini na mmoja kati ya hiyo ameitumia kuchonga majina ya watu ambao hawatakuja kulalamika. Kwa hesabu yake, mawe yamepita elfu nne. Kazi nayo imechukua chake: ukucha wa kidole gumba umekataa kuota, sikio la kulia linasikia nusu ya maneno, na mkewe anasema nusu hiyo huichagua mwenyewe.

Jiwe moja la kawaida linatosha kodi ya karakana ya mwezi, na kinachobaki ni mboga. "Kuna miezi watu hawafi kabisa," anasema Mkato. "Na hiyo si shida unayoweza kumlilia jirani."

Uongo wa mawe anaujua kuliko mtu yeyote mjini, maana ameuandika yeye. "Nimechonga 'mume mwema' mara elfu mbili na zaidi. Elfu mbili. Huwa najiuliza, wale wabaya wanazikwa wapi?"

Lakini liko jiwe moja lililomshinda kudanganya, nalo limesimama langoni mwa uwanja wa mpira. Ni jiwe la Komeo.

Komeo alikuwa golikipa. Jina hilo alipewa na mashabiki kwa sababu akishafunga, kumefungwa. Aliidakia timu ya taifa miaka kumi na miwili, na Mkato, akiwa kijana wa kubeba zege, alikuwa akikatwa ujira wa nusu siku ili akasimame nyuma ya goli lake. Kule mbele, ambako mabao hufungwa, hakutaka. Alitaka nyuma, aone mgongo.

Na si mpira tu. Mwaka ule timu ngeni ilipowatoa wenyeji kwenye mashindano, watu walilizunguka basi la wageni kwa mawe. Wageni wale walikuwa wa rangi nyingine. Komeo, aliyekuwa ametoka kufungwa nao mabao mawili, alisimama mlangoni mwa basi huku amepanua mikono kama yuko golini, akadaka aliyoweza kudaka. Alishonwa nyuzi kumi na moja kichwani. Mkato alikuwepo, na anaapa kwamba yeye hakurusha. "Nilikuwa nimeokota," anakiri, "lakini nilipomwona pale niliangusha."

Miaka mitatu baadaye, Komeo huyo huyo aliketi mbele ya kipaza sauti cha redio akaulizwa kuhusu watu wa rangi mbili kuoana. Akajibu, "Maziwa na ndimu havikai kikombe kimoja." Akaendelea kusema kwamba watoto wa ndoa hizo hawana kwao, na hata timu yake asingependa waidakie. Hakuwahi kuyafuta maneno hayo. Kila alipoulizwa aliyarudia, na kila aliporudia aliongeza chumvi.

Sasa, mke wa Mkato ni wa rangi tofauti na mumewe. Nani wa rangi gani, fundi anasema anayetaka kujua aende akawatazame, kutazama ni bure. Wakati wa redio ile walikuwa na miaka mitano ya ndoa na binti mmoja wa miaka minne. Binti alipofikia umri wa shule, wenzake wakamwita Kikombe. Siku moja aliingia ndani, akaitazama picha ya Komeo ukutani sebuleni, akauliza, "Baba, huyu mtu ananijua?"

"Hakujui."

"Sasa kwa nini hanitaki?"

Picha ikashuka. Lakini kutupwa, hapana. Mkato aliitundika nyuma ya mlango wa chumbani, mahali ambapo haionekani mpaka mlango ufungwe. Imekaa hapo miaka ishirini na kitu. Mkewe anasema hajawahi kuona mtu anayejifungia chumbani mara nyingi namna ile siku za mechi kubwa.

Komeo alipofariki mwaka huu, kamati ya uwanja iliamua jiwe la kumbukumbu liwekwe langoni. Mwenyekiti wa kamati, mfanyabiashara wa mabati mwenye sauti ya kuhutubia hata akiwa anaomba chumvi, alileta karatasi karakanani siku ya Jumanne. Ilikuwa na mistari mitatu: KOMEO. SHUJAA ASIYE NA DOA. ALIMPENDA KILA MTU.

"Fundi, Jumamosi tunalifunua," alisema. "Usiniangushe. Mjane atakuwepo, wazee wa timu watakuwepo, na mimi nitakuwepo."

Hapa inabidi msomaji aijue desturi ya mafundi wa kuchonga kwa mkono. Maneno yote huandikwa kwanza kwa chaki juu ya bamba lililolala, kisha tindo huanza na mstari wa chini. Ukianza juu, mkono wako utaegemea mistari ya chini na kuifuta chaki yote. Ukianza chini, mkono unaegemea kilichokwisha kuchongwa, na kilichochongwa hakifutiki kwa kiwiko. Pia fundi hasomi. Anachonga A, anachonga L, anachonga I. Anayesoma huchonga vibaya.

Jumanne hiyo hiyo jioni, kwa hiyo, mstari wa chini ulikuwa umekwisha. Mkato akapuliza vumbi, akanyoosha mgongo. Mkewe akaingia na chupa ya chai, akasimama, akausoma kwa sauti kama mtu anayesoma bango la duka.

"Alimpenda kila mtu."

Mkato akaweka nyundo chini.

"Baba Kikombe," akasema mama huyo, ambaye jina la kumdhihaki mwanawe aliligeuza zamani kuwa la mapenzi, "na mimi nimo?"

Mkato anakumbuka kwamba alijaribu kumkatiza, kama kawaida yake, lakini mke alikuwa amekwisha kumaliza. Akamimina chai, akaondoka. Hakununa. "Angenuna ningepona," anasema Mkato. "Alikuwa anaimba."

Asubuhi yake aliingia katibu wa kamati, mwalimu wa historia mwenye begi lililojaa magazeti ya zamani. Alikuwa amesikia kuhusu karatasi ya Mwenyekiti na hakuipenda. Yeye alitaka maneno ya redio yachongwe yote, pamoja na tarehe.

"Mwalimu," Mkato akamwambia, "maneno hayo ni mistari tisa. Hili ni jiwe, si daftari."

"Basi futa huo mstari wa chini. Ni uongo."

"Jiwe halifutiki. Nikilisaga hadi herufi ziishe litabaki jembamba kama sahani, na kabla ya mvua ya pili litakuwa nusu mbili. Jingine kama hili machimboni ni kulisubiri miezi mitano."

Mwenyekiti naye akafika, kwa kuwa habari mbaya haihitaji nauli. Wawili hao wakabishana juu ya bamba kama watu wanaogombania kitanda. Mwenyekiti akasema marehemu hasemwi. Mwalimu akasema marehemu ndiye aliyesema. Mwenyekiti akakumbusha nyuzi kumi na moja za kichwani. Mwalimu akauliza, je, waliotukanwa walishonwa ngapi?

"Fundi, hebu sema wewe," akaamuru Mwenyekiti. "Ulikuwa shabiki wake. Alikuwa mtu mzuri, hakuwa mtu mzuri?"

Mkato akaokota tindo, akalirudisha mezani. Angesema mzuri, angemwona binti yake akiitazama picha. Angesema mbaya, angeliona lile basi. Akasema, "Naomba mnipe mpaka kesho," akawafungia nje.

Anasema hakuna kilichomtisha kwenye pesa wala kwenye Mwenyekiti. "Nilikuwa naogopa kitu kimoja. Kwamba nitamalizia jiwe lile kama yale mengine, halafu nirudi nyumbani nikae meza moja na yule mwanamke. Hakuna ambacho angesema. Hapo ndipo kwenye hofu."

Alhamisi saa tatu, mlango ukagongwa kwa mkongojo. Alikuwa mjane wa Komeo, bibi mfupi mwenye miwani mizito, aliyetaka kuliona jiwe kabla ya wageni.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu. Niwekee kiti, magoti yangu yalistaafu pamoja na marehemu."

Akakalishwa karibu na bamba. Akapapasa mstari wa chini kwa kidole, herufi moja moja. Alipofika mwisho mabega yakaanza kutikisika. Mkato alidhani analia, akatafuta kitambaa kisicho na vumbi, ambacho karakanani kwake hakijawahi kupatikana. Kumbe anacheka.

"Kila mtu? Mwanangu, baba yule tulikaa ukuta mmoja na jirani miaka kumi na tisa, hakumsalimia. Kisa, jirani alioa mke wa rangi nyingine. Mimi ndiye niliyekuwa napitisha salamu na bakuli la sukari kwa dirisha la nyuma, kama mwizi."

Mkato akashindwa kujizuia. "Mama, mke wangu mimi ni ndimu."

Bibi akamtazama juu ya miwani. "Na wewe ni maziwa?"

"Siku nyingine tunabadilishana."

"Mna miaka mingapi?"

"Ishirini na tisa."

"Mimi na yeye rangi yetu ilikuwa moja, na kuna miezi tulikuwa hatukai kikombe kimoja," bibi akasema. Kisha akaendelea kuipapasa herufi ya mwisho. "Nilimpenda, usinielewe vibaya. Na nilimwambia, si mara moja. Ila nikuambie kitu. Golini alikuwa mtu mwingine. Kule alikuwa hachagui. Mpira ukija hauulizi umepigwa na nani, na aliye nyuma yake hamuulizi ni nani, anamlinda tu. Nilikuwa nikimtazama najiambia, tazama, kana kwamba anampenda kila mtu. Kisha kipenga cha mwisho kinalia, ananirudia nyumbani yule mwingine."

Mkato alimwomba arudie. Akarudia, kwa kunung'unika. Fundi akachukua kitambaa chenye vumbi, akaufuta mstari wa katikati, ule wa SHUJAA ASIYE NA DOA, ambao ulikuwa bado ni chaki.

Maneno mapya yalikuwa marefu kuliko ya zamani, ikabidi herufi azibane mabega. Alichonga mchana kutwa. Na kwa mara ya kwanza katika mawe elfu nne, anasema, alikuwa akisoma anachochonga. K moja ilipinda kwa sababu hiyo. Ukienda utaiona.

Jumamosi, Mwenyekiti alivuta kitambaa kwa mbwembwe, akasoma kwa sauti yake ya mabati, "Komeo." Makofi. "Golini alisimama kana kwamba..." Hapo sauti ikapungua mwendo, lakini hotuba ikishashika mteremko haina breki. "...alimpenda kila mtu."

Mzee mmoja wa timu, aliyecheza beki mbele ya Komeo miaka saba, akavua kofia. Mtu mmoja nyuma akacheka, akaguswa kiwiko, akaacha, kisha aliyemgusa kiwiko akacheka yeye. Mwalimu wa historia alitoa daftari na kunakili.

"Hili 'kana kwamba' limetoka wapi?" Mwenyekiti akamnong'oneza fundi kwa sauti iliyosikika hadi barabarani.

"Limetoka kwangu," akajibu mjane. "Una jingine?"

Mke wa Mkato alikuwa amesimama pembeni na binti yao, ambaye sasa ni mtu mzima na muuguzi. Mama alilisoma jiwe mara mbili. Kisha akamwambia mumewe, "K yako imepinda." Mkato anasema katika ndoa yao hayo yanahesabika kuwa makofi. Jioni ile, alipofunga mlango wa chumbani, picha haikuwepo. Aliikuta sebuleni, kwenye msumari wake wa zamani, na chini yake mkewe ameweka kikombe chenye ndimu moja.

Sasa hivi, karakanani, herufi B imekwisha. Mkato anakunywa chai na kuonyesha bamba lililoegemezwa ukutani, limefunikwa kwa gunia. Ni lake na la mkewe, la siku watakapolihitaji. Amelinunua kwa mafungu, miaka miwili, na mpango wake ni kulimalizia kidogo kidogo siku ambazo watu hawafi.

Majina bado ni chaki. Mstari wa chini ndio umechongwa, kama desturi: KIKOMBE KIMOJA, MIAKA. Baada ya hapo pako patupu.

"Nimeacha nafasi ya tarakimu mbili," anaeleza. "Nadhani zitatosha."

"Ongeza ya tatu," mkewe anasema kutoka mlangoni, chupa ya chai mkononi. "Na safari hii usipinde."