Tumbo Jipya la Shangazi

Shangazi yangu alirudi mjini kwetu Beni kutoka Afrika Kusini akiwa na tumbo dogo, na simaanishi kitambi. Madaktari wa huko, alikokuwa akiishi mwanawe wa kwanza, walilikata tumbo lake la chakula wakamwachia kipande tu, ili ale kidogo na mwili upungue. Magoti yalikuwa yameshindwa kumbeba, na sukari ilikuwa ikimpanda kila mara. Mimi nilikuwa nikikaa kwake, mtaa wa Bungulu, na kufundisha biolojia, kwa hiyo hata sanduku hakuwa amelifungua nilipoanza kumsumbua.

"Docteur alisema utapungua mpaka wapi?"

"Alisema hajue," akajibu akicheka. "Mwaka ya kwanza kila mutu anapungua. Kisha njo banaona nani atabakia vile na nani atanenepa tena."

Nikashangaa. Unamkataje mtu tumbo bila kujua mwisho wake utakuwaje? Nilimwendea daktari mmoja niliyemfahamu. Akaniambia kwamba kuna dalili: jinsi mwili unavyopungua miezi ya mwanzo, umri wa mtu, ile sukari, na namna anavyokula. Zaidi ya hapo, akasema, ni kukisia. Basi nikawa namtazama shangazi kila siku. Kwenye depo yake ya kahawa kulikuwa na mzani wa magunia, naye alikuwa akiupanda bila aibu, huku wabeba mizigo wakigeukia ukutani kwa heshima.

Alipungua haraka, na minong'ono ikaanza. Mfanyabiashara mnene anatoka safari ya mbali, anakonda: kila mtu alijua ni ugonjwa gani, na hakuna aliyeutaja. Wanawake wa kwaya wakaanza kumwombea bila kuombwa. Nilimsihi awaeleze. "Tumbo iko yangu," akasema, mazungumzo yakaishia hapo.

Kisha vita vikatufikia. Asubuhi moja risasi zililia karibu na mtaa wetu, tukaondoka kwa miguu pamoja na majirani, kuelekea mji wa Butembo. Njiani, huko Maboya, familia moja ilitupokea. Walikuwa wakipika mara moja tu kwa siku, bugali na sombe, yale majani ya muhogo, kwenye sahani kubwa ya wote. Shangazi alikula matonge machache, akanawa mikono.

Mama mwenye nyumba alimtazama. "Mama, chakula yetu iko mubaya?"

"Hapana, mama. Iko muzuri sana."

"Basi mbona haukule? Tumejinyima juu yenu."

Wanawake wawili wa kwaya, waliokimbia pamoja nasi, walikuwa pale pale, wakiangalia chini. Shangazi alipandisha blauzi yake kidogo, akaonyesha kovu.

"Angalia. Balinikata tumbo, balibakisha kadogo tu. Nikikula mingi, minatapika. Minaomba tu unibakishie kidogo, nikule asubui."

Yule mama aliligusa kovu kwa kidole. "Balikukata juu ya kukondesha wewe? We mwenyewe ulipenda?"

"Nilipenda."

"Kumbe njo ile!" mmoja wa kwaya akaropoka. "Sisi tulishakuzika, mama!"

Shangazi alicheka mpaka machozi, na wote wakacheka naye. Tangu jioni ile mama mwenye nyumba alimwekea chakula chake kwenye kibakuli, akikifunika kwa jani la mgomba.

Tulipokuwa Butembo, vidonge vya vitamini alivyopewa na wale madaktari viliisha, na barabara za kuvileta zilikuwa zimefungwa. Nywele zikaanza kumtoka, akawa anachoka kwa kupanda kilima kifupi tu, mpaka hospitali ikampatia sindano na vidonge vya damu. Swali langu nalo likavurugika. Watu wote walikuwa wamekonda. Jirani yetu, ambaye hakuwahi kukatwa hata kidole, alikuwa amekonda kuliko shangazi. Ningejuaje kisu kilipunguza kiasi gani, na vita kiasi gani?

Barabara ilipofunguka tulirudi Beni. Samaki wa Kyavinyonge, kule ziwani, wakaonekana tena sokoni, mashavu ya watu yakajaa, na ya shangazi pia. Niligundua kwamba bugali lilimkwama, lakini mikate laini na chai ya sukari vilipita bila shida. Nikaogopa kwamba kazi yote ya wale madaktari ingepotea. Haikupotea. Alinenepa kiasi, kisha akasimama hapo, katikati ya alivyokuwa zamani na alivyokuwa ukimbizini. Sukari haikumsumbua tena kama mwanzo, na sokoni alikuwa akienda kwa miguu.

Nilimweleza nadharia zangu kuhusu kilichomsimamisha. Alinisikiliza mpaka mwisho.

"Mwalimu, we unapenda kujua sana," akasema. "Miye nilichoka tu na mikate."

Mwanawe alipompigia simu kumuuliza kama angekubali kukatwa lau mambo yangeanza upya, alijibu bila kufikiri: "Ningekubali. Lakini hapana mu mwaka ya vita."