Kabuti la Mtu wa Mbali

Nikiwa na miaka kumi na tisa nilikuwa mlokole wa kuchosha watu. Nalisema bila haya, kwa kuwa wengi walionivumilia wamekwenda zao na hawawezi kunisuta. Bendera mpya ilikuwa haijatimiza mwaka wa pili pale kwa DC, kila mdomo ulikuwa unaimba Harambee, na kanisa letu la Lurambi, karibu na mji wa Kakamega, nalo halikutaka kubaki nyuma. Likaamua kufanya siku ya majirani. Kungekuwa na ugali na maharagwe kwa yeyote atakayekuja, awe wetu au Mwislamu wa mjini, dresa wa kufunga vidonda, kwaya, na nguo kwa wasio nazo. Mimi nikajitolea kabla hata sijaulizwa.

Nilipewa kazi ya nguo. Wiki nzima nilizunguka nyumba kwa nyumba na gunia, nikiwakodolea watu macho mpaka watoe kitu. Ndivyo nilivyofika kwa mjane mmoja, mwanakwaya mwenzangu, ambaye mumewe, dereva wa lori, alikuwa amezikwa wiki tatu nyuma. Sikukusudia kumwomba chochote. Nilipita kumjulia hali tu. Lakini alipoona gunia aliingia ndani, akatoka na kabuti.

Lilikuwa zito, la rangi ya kahawia, kabuti la mtu anayelala njiani. Kifungo cha tatu kilikuwa cheupe, cha blauzi ya kike, maana chenyewe kilipotea na mke akashona chake.

"Chukua," aliniambia. "Weka chini kabisa, isionekane."

Nilijua maana yake na mwili ukanisisimka. Katika ukoo wa mumewe nguo za marehemu haziguswi mpaka wazee wakae. Siku hiyo hutandikwa mkekani, kila moja ikapata mwenyewe, na lile vazi la juu, koti au kabuti, huvikwa mtu mmoja tu: yule atakayeingia katika ile nyumba. Akishavikwa mbele ya watu, mke ni wake na watoto ni wake. Wazee walikuwa wanamngoja ndugu wa marehemu, aliyepata shamba huko juu kwenye ardhi iliyoachwa na wazungu. Habari za msiba zilimfikia kwa kuchelewa. Alikuwa na mke tayari, na ekari za mahindi zilizotaka mikono zaidi.

"Mimi sitaki kupelekwa kulimia mtu," mjane alisema. "Nataka kukaa hapa hapa na watoto wangu watatu. Kuichoma siwezi, ni ya baba yao. Lakini ikiingia kanisa, nani ataiuliza? Mpatie mtu wa mbali, dada. Mtu ataenda na hiyo kabuti nisiione tena. Niapie."

Niliapa. Nilitoka pale kichwa kimenivimba, najiona mkombozi wa wanawake wote wa Lurambi.

Mchungaji wetu alikuwa mtu wa kuja, na mila za hapa alizijua kwa kuzikemea tu. Alitupa sheria moja watu wa nguo. Usimtupie maskini nguo kama mtu anayemtupia mbwa mfupa. Mvike kwa mikono yako mwenyewe, mfunge vifungo, mtazame usoni, umwambie karibu. Tuliona ni jambo zuri sana, na lilikuwa zuri. Hakuna hata mmoja wetu, sisi tuliozaliwa hapa, aliyesimama akafikiri kuvika mtu mbele ya watu kwetu kuna maana gani.

Jumamosi hiyo mvua ndogo ilianza asubuhi na haikukatika. Mchana ulipokaribia, akaja mwanamume mwenye shati jepesi lililochanika mgongoni, limelowa na kumshika mwili. Nilimuuliza anatoka wapi, kama nilivyowauliza wote tangu asubuhi.

"Mautuma," akasema. "Nimefika leo. Nyumbani nimekuta hakuna mtu, majirani wamenituma hapa kanisani, na hapa nimeambiwa nisimame kwa laini."

Mautuma! Moyo ulinipiga kwa furaha. Mwaka ule mamia ya watu walikuwa wamehamia huko, kwenye mashamba yaliyoachwa na wazungu, na mimi akilini mwangu Mautuma ilikuwa mbali, basi. Mtoto mdogo angeuliza swali moja zaidi. Mimi nilizamisha mkono chini ya gunia nikatoa kabuti.

Nikamwingiza mkono wa kulia, kisha wa kushoto, likamkaa kama alipimiwa. Nilipofika kwenye kifungo cheupe alikigusa kwa kidole na machozi yakamtoka. Niliyachukulia kuwa shukrani. Watu kwenye foleni walipiga makofi, mama mmoja akapiga kigelegele, nami nikasema kwa sauti kubwa, makusudi, ili mchungaji asikie: "Karibu. Ni lako sasa."

Akachukua sahani akaenda kwenye chakula. Mjane alikuwa anapakua maharagwe, ameinama juu ya sufuria. Akainua kichwa, na mimi nilikuwa namtazama. Alimwona mumewe anakuja. Sina namna nyingine ya kulisema. Mabega yalikuwa yale, kola imeinuliwa vile vile kuzuia mvua. Na uso wake ulifunguka kwa furaha, furaha tupu, kwa muda wa kuvuta pumzi mara moja. Kisha akauona uso wa yule mtu. Kisha akanitafuta mimi.

"Shemeji," yule mtu alimwambia, "nilichelewa. Unisamehe."

Akampakulia. Alimpakulia vizuri, akamwongezea na mchuzi. Hapo ndipo nilipoelewa nimemvika nani.

Ningeweza kusema kosa langu liliishia hapo, na pengine Mungu angenielewa. Halikuishia. Kesho yake, Jumapili, mchungaji alisimama madhabahuni akasema muujiza umetendeka. Vazi limetoka katika nyumba ya kilio, na Bwana amelirudisha kwenye damu ile ile kwa mikono ya binti mmoja mnyenyekevu. Akanitaja. Kanisa zima likageuka kunitazama, na wanawake waliokuwa wakinikwepa njiani walitikisa vichwa kwa mapenzi. Sijawahi kutazamwa vile tena, na nilivyopenda kutazamwa kule ninaona aibu kuandika.

Baada ya ibada wazee wa ukoo waliniita nyuma ya kanisa. Wawili kati yao walikuwa wazee wa kanisa pia, na walikuwa na raha ya watu waliokuta uko wazi mlango ambao siku zote kanisa huwafungia. Shemeji alikaa kwenye benchi, kabuti mwilini, akitazama viatu vyake. Mjane alikaa chini, miguu ameinyosha. Aliyezungumza alikuwa mkubwa wao, mzee mwenye haki. Hilo lazima nilikubali.

"Mwana wefwe, mtoto wetu, sema ukweri," aliniambia. "Huyu mama alikupatia hii kabuti. Alisema umpatie nani? Kama alitaka mtu mwingine, basi hii kuvaa si kuvaa. Itavuliwa, tutakaa chini, na yeye tutamuuliza anataka nini."

Mjane alinitazama, akainamisha kichwa kidogo. Sema.

Sentensi moja tu ndiyo iliyohitajika. Nikafungua mdomo, na nikaona kwamba nikisema hakuna muujiza. Hakuna binti mnyenyekevu. Kuna msichana mjinga tu, aliyekabidhiwa jambo moja na kulivuruga.

"Hakutaja mtu," nilisema. "Mungu ndiye aliyeniongoza."

Mzee alipiga magoti yake kwa viganja, maneno yakaisha. Kabla wiki haijakatika nyumba ya Lurambi ilifungwa, na mjane na watoto watatu wakapanda juu Mautuma.

Nilijitolea miaka saba zaidi, kwa sababu kuacha kungehitaji maelezo. Kila siku ya majirani mchungaji aliisimulia upya hadithi ya kabuti na mimi niliambiwa nisimame. Nilisimama. Lakini kwenye meza yangu ya nguo vidole vilikuwa vinakufa ganzi kwenye kila kifungo cha tatu. Mjini Kakamega nikiona mgongo wa kabuti la kahawia nilivuka barabara. Hata nilipopata watoto wangu, nikiwafunga sweta asubuhi waende shule, nilikuwa naisikia sauti yangu mwenyewe, changa, ya majivuno, inasema: ni lako sasa.

Mara moja tu nilikutana na yule mjane. Ilikuwa sokoni Kakamega, mchana, ameleta mtoto hospitali na sasa ananunua chumvi. Mtoto alikuwa mgongoni. Mikono ya mama huyo ilikuwa imepasuka kwa jembe. Tulisalimiana mulembe kwa mulembe, akauliza habari za kwaya. Alisema mume si mbaya, hapigi.

"Lakini hiyo kabuti anavaanga kila asubuhi akienda kukamua," alisema. "Na kila asubuhi roho yangu inafurahi kwanza, kabla sijakumbuka."

Akafunga chumvi yake kwenye pindo la leso.

"Nimekuwa nataka kukuuliza. Ile siku, nani alikutisha? Uliogopa wazee?"

Alikuwa ananipa njia ya kupita, na aliitoa kwa moyo mweupe. Ningesema ndiyo, tungeagana vizuri.

"Hapana, dada," nilisema. "Kanisa lote lilikuwa limenisifu."

Alimsogeza mtoto juu mgongoni akakaza mbeleko, bila haraka, akinitazama.

"Heri ungeogopa," alisema.