Jina la Mashua Kwenye Meli ya Angani

Noboru Seko alikuwa fundi wa meli zisizokuwepo. Alifanya kazi katika karakana moja ya Van Nuys, Marekani, akiunda meli za angani za kipindi cha televisheni kilichoonyeshwa kila Jumamosi saa kumi na mbili jioni. Kubwa kuliko zote ilikuwa na urefu wa mita moja na nusu. Nyingine zilienea kwenye sinia.

Nilipanga chumba cha nyuma nyumbani kwake Gardena, nikakaa miaka minne. Kwa hiyo haya mengine niliyaona, na mengine alinisimulia tukiwa ndani ya gari, maana Noboru aliongea vizuri zaidi akiwa ameshika usukani na hana haja ya kumtazama mtu.

Kazi yenyewe ilikuwa hivi. Alinunua vifaru, ndege na magari ya plastiki, yale ambayo watoto huyaunganisha kwa gundi, kisha akayakata. Mnyororo wa kifaru ukawa ukuta wa mitambo. Kifuniko cha chupa ya shampuu kikawa mdomo wa injini. Rangi ya kijivu ikishapita juu yake, huoni tena kifaru wala shampuu. Unaona kitu chenye uzito wa tani laki moja kinachokatiza mbele ya nyota.

Majina ya meli kuu yalitoka kwa waandishi wa hadithi. Zile za pembeni, zinazopita mbali wakati wa vita au kuelea zikiwa mabaki, mafundi waliachiwa wazipe majina wanayotaka. Sharti lilikuwa moja: kila jina lipelekwe kwanza kwenye ofisi ya ukaguzi, ambako walihakikisha hakuna kampuni, mtu aliye hai, wala meli ya kweli itakayoleta malalamiko. Mafundi walitaja wake zao, mbwa wao, mitaa waliyokulia. Ruben Ochoa, aliyekaa meza moja na Noboru, aliipa meli jina la mama mkwe wake, kisha akaandika barua rasmi kuomba iwe ya kwanza kulipuliwa.

Noboru hakumtaja mtu. Kwa miaka mitatu alibandika majina ya mashua za Terminal Island, kisiwa cha bandarini alikokulia, mashua za majirani wa baba yake, wavuvi wa dagaa waliotoka pwani moja ya Japani na kuzipa mashua zao majina ya vijiji walivyoviacha. Koza. Mio. Susami. Herufi zilikuwa ndogo kama punje za ufuta, na hakuna mtazamaji aliyewahi kuzisoma. Alikuwa amefikisha majina kumi na tisa. Ofisi ya ukaguzi iliyapitisha yote bila neno.

Moja alikuwa ameliweka akiba. Kumano, mashua ya baba yake.

Sababu ya kuliweka ilikuwa mama yake. Bi Masuno alikuwa na miaka themanini na sita na macho yake yalikuwa yamezimika. Televisheni aliisikiliza kama redio, uso ameuelekeza dirishani. Jina la ukubwa wa punje ya ufuta lisingemfaa kitu. Noboru alingoja itokee meli ambayo jina lake litatamkwa na waigizaji, mama yake alisikie angali hai.

Ilitokea masika ya mwaka 1990. Doreen Pruitt, mkuu wa karakana, aliweka hadithi mpya mezani kwa Noboru. Meli ndogo ya mizigo inabaki nyuma peke yake kuwazuia maadui ili msafara wa wakimbizi upite. Waandishi walikuwa hawajaipa jina.

"Wameniambia wanataka kitu chenye meno," Doreen alisema. "Lakini wewe nichoree tu meli inayofanya kazi ya jasho. Na jina utaweka wewe."

Alichora siku tatu. Meli ilitoka na pua iliyoinuka na mgongo ulioshuka nyuma, mpana, mtupu.

"Mbona huku nyuma imebonyea?" Doreen aliuliza.

"Hapo ndipo wavu unapokaa."

"Nob, huko angani kuna wavu?"

"Kuna mizigo. Wavu ni wangu mimi."

Doreen aliitazama tena, akaigeuza karatasi, akairudisha. "Basi iache na mgongo wake."

Jina likapelekwa. Siku ya nne barua ikarudi. Doreen aliisoma akiwa amesimama, na alipofika mwisho akaisoma tena kimyakimya kabla ya kuwaambia Noboru na Ruben. Kumano ilikuwa meli ya kivita ya Japani, iliyozamishwa mwaka 1944. Askari wa vita ile wangali hai. Chagueni jina jingine.

"Waambie ni sabuni," Ruben alisema. "Waambie bibi yangu alifulia Kumano miaka yote."

Hakuna aliyecheka, na Ruben mwenyewe akashika kisu chake akaendelea kukata plastiki. Noboru alikuwa anafuta gundi vidoleni, kidole kimoja kimoja. Aliniambia baadaye kwamba hakukasirika. Alihisi kama mtu aliyegongewa mlango na askari yuleyule baada ya miaka arobaini na minane. Sababu ya wanajeshi kuichukua mashua hiyo mwaka 1942 ilikuwa hiyohiyo: ni ya adui.

Doreen alipiga simu. Mwanamke wa ofisi ya ukaguzi hakuwa mtu mbaya. Alisema atalipitisha jina likiwa na mwenyewe mwingine: zije hati za mashua ya Marekani iliyoitwa hivyo kabla ya vita.

"Hati zipo?" Doreen alimuuliza Noboru, mkono ameuweka juu ya simu.

"Zilichomwa. Vita ilipoanza, kila nyumba ilichoma kwa hofu. Chochote chenye mwandiko wa Kijapani, hata picha za harusi."

Doreen akarudi kwenye simu, akasikiliza muda mrefu. Kama mwenye mashua au mjane wake yu hai, atie saini kwamba ilikuwa yao na kwamba anaruhusu jina litumike. Karatasi iwe imefika Ijumaa, kwa maana Jumatatu waigizaji wanaanza kurekodi. Isipofika, meli itaitwa kwa jina la jemadari mmoja ambalo limekwisha kupitishwa.

Nimekaa katika bandari nyingi na kusikia watu wakizipa mashua majina ya watoto, ya watakatifu, ya wapenzi waliowakimbia. Nilichojifunza ni kwamba mashua ikizama watu huililia mashua, lakini ikinyang'anywa hukaa kimya kuhusu jina lake. Katika nyumba ile ya Gardena sikuwahi kulisikia jina la Kumano mezani hadi Jumatano ile.

Tulikuwa tunakula wali na figili za kuchachua. Bi Masuno alikula polepole kwa vijiti, kimoja akikitumia kwanza kutafuta ukingo wa bakuli. Walisemezana Kijapani cha kisiwani kwao, ambacho miaka ile nilikuwa nimekizoea, lugha kavu ya watu waliozoea kupigiana kelele juu ya injini. Watu wa bara waliidhani matusi.

"Mama, nina karatasi," Noboru alisema.

"Ya nini?"

"Ya Kumano."

Alitafuna hadi akameza. "Nani anaitaka?"

"Watu wa televisheni. Siyo mashua. Jina tu."

"Walipochukua mashua, jina si lilikuwa puani kwake? Si walienda nalo?"

"Hawakwenda nalo. Ndiyo maana wanaliomba."

"Siku hizi wanaomba." Alicheka kwa pua. "Na wewe ukawaamini. Mzee mzima na kichwa bado nazi tupu."

Noboru alieleza yote: meli, barua, askari wa zamani, saini. Alieleza vibaya, akiruka huku na huku, na mama yake akamwacha amalize. Kisha akaweka vijiti chini, sambamba, kwa kupapasa.

"Mimi nimetia saini moja tu kwa ajili ya Kumano," alisema. "Na wewe ulikuwepo."

"Nilikuwepo."

"Ulisema nini?"

Noboru alinitazama, kisha akatazama meza. "Nilisema wataturudishia."

"Nilikuuliza mara ngapi?"

"Mara mbili."

Kisa hicho nilikuwa nimekisikia kipandekipande ndani ya gari. Februari 1942, Marekani ikipigana na Japani, wavuvi wote wa kisiwani waliozaliwa Japani walikamatwa kwa asubuhi moja, baba yake akiwamo, wakapelekwa kaskazini kwenye theluji. Siku chache baadaye afisa wa jeshi la majini alikuja mlangoni na karatasi. Bi Masuno hakujua Kiingereza. Noboru alikuwa na miaka tisa na ndiye aliyekuwa msomi wa nyumba. Karatasi ilikuwa na maneno marefu ambayo shule yao ilikuwa haijayafikia, na aliona aibu kusema hivyo. Afisa alikuwa anatabasamu. Mtoto akatafsiri tabasamu. Mama akatia saini, na mashua ikavutwa mchana uleule. Kabla mwezi haujaisha walipewa siku mbili za kuondoka kisiwani, na nyumba zikabomolewa. Baba aliporudi baada ya vita akawa mtunza bustani za watu. Aliuliza kuhusu Kumano mara moja. Mama alijibu kwamba alitia saini, na hakusema nani alimsomea.

Kwa hiyo sasa, mezani, wote wawili walikuwa wamelifikia jambo walilolizunguka miaka arobaini na minane, na mimi nilitamani kuwa chumbani kwangu.

"Hiyo ya televisheni," Bi Masuno alisema. "Inarudi?"

Hadithi Noboru alikuwa nayo kifuani, imekunjwa mfukoni mwa shati. Mama yake hakuwa na macho ya kuisoma, wala lugha yake. Angeweza kumwambia lolote, na Ijumaa ilikuwa karibu.

"Hairudi," alisema. "Inabaki nyuma ili zile nyingine zipite. Inaungua."

"Na waliomo?"

"Wanashushwa wote kwanza. Nahodha anabaki."

"Nahodha mpumbavu." Alisukuma bakuli pembeni. "Baba yako naye angebaki. Angesema injini haiwezi kuachiwa mtu mwingine."

"Angesema hivyo."

"Karatasi umeisoma yote?"

"Yote. Mara tatu."

"Nisomee. Usiruke."

Aliisoma. Kila sentensi aliisema kwa Kiingereza, kisha akaigeuza. Alipofika kwenye neno asilolijua kwa Kijapani, alisema, "Hili silijui, Mama. Nadhani maana yake ni kwamba huwezi kudai fidia baadaye, lakini sina hakika." Akaeleza kwa mifano, mama akauliza, akaeleza tena. Ukurasa mmoja ulichukua nusu saa. Wali ulikuwa umepoa.

"Kama ungeniambia inarudi," Bi Masuno alisema, "ningekuchapa na vijiti hivi, na ningeichana hiyo karatasi. Lete kalamu."

Noboru alimshika kidole akakiweka mwanzoni mwa mstari. Aliandika herufi za Kiingereza alizojifunza kwenye lebo za makopo ya dagaa, kiwandani alikofanya kazi, M kubwa kuliko nyingine zote, na jina likapanda juu ya mstari kuelekea mwisho kama kitu kinachoondoka ufukweni. Kisha akaomba chai.

Doreen aliipeleka karatasi ile mwenyewe kwa gari, hakutaka kuitia posta. Alhamisi alasiri jina likapita.

Wiki tano Noboru alimalizia meli. Herufi za kubandika alizisugua moja moja puani mwake, safari hii kubwa za kusomeka, kisha akachakaza rangi kuzizunguka kama kwamba chumvi imezila. Ya kulipuliwa haikuwa hiyo. Waliunda nakala ya plastiki nyembamba iliyojazwa vipande vidogo vya mbao. Desturi ya karakana ilikuwa aliyeiunda ndiye abonyeze kitufe. Noboru alimpa Ruben, akatoka nje kwenye maegesho hadi aliposikia mlio.

Kipindi kilionyeshwa Mei. Bi Masuno alivaa sweta la kwendea kanisani na kukaa mahali pake, uso dirishani. Noboru alikaa sakafuni karibu na televisheni, na mimi mlangoni. Jina lilitajwa mara ya kwanza dakika ya kumi na moja, na mwanamke aliyekuwa akihesabu meli za msafara. Mikono ya bibi haikusogea. Mara ya pili lilitajwa na nahodha wake mwenyewe, akijibu mwito: hapa Kumano. Mara ya tatu kamanda wa msafara, mwenye sauti nzito, aliita Kumano irudi, akaita tena, na hakukuwa na jibu ila mlio wa mitambo.

"Zima," Bi Masuno alisema.

"Bado, Mama. Bado dakika nne."

"Kinachofuata nakijua. Zima."

Noboru alinyosha mkono akazima. Kioo kikafanya nukta nyeupe katikati, nayo ikafifia. Barabarani mtu alikuwa anakata majani kwa mashine.

"Yule wa mwisho ameita vizuri," bibi alisema. "Ameita kama mtu aliyeitegemea mashua hiyo kwa chakula."

"Ndiyo, Mama."

"Na ile karatasi ya kwanza. Ulikuwa mtoto. Mimi ndiye niliyekuwa na kalamu."

Noboru alibaki sakafuni akiwa amekiegemeza kiganja kwenye kioo, ambacho lazima kilikuwa bado na joto.

Jumatatu, Ruben alimwuliza mlipuko wake ulionekanaje nyumbani, maana yeye kwake ulimfanya mama mkwe aangushe sahani.

"Sijui," Noboru alisema. "Sijauona."

Karakana walikuwa na kanda yake, na Doreen alimwekea nakala. Hadi nilipohama Gardena ilikuwa juu ya rafu, ndani ya bahasha yake, haijafunguliwa.